Kukata si Kazi, Kazi ni Kuziba

Kinyama cha jicho ni ugonjwa wa watu wa juani. Mvuvi wa Kilwa anacho, mama anayelima mwani Jambiani anacho, dereva wa bodaboda wa Kisumu anacho, na fundi mwashi anayeshinda juu ya jukwaa akitazama ukuta mweupe anacho. Kwa kawaida huanzia kwenye kona ya ndani ya jicho, upande wa pua: pembetatu ya utando mwekundu wenye mishipa ya damu, unaotambaa kidogo kidogo kutoka kwenye weupe wa jicho hadi juu ya konea, ule mfuniko mwangavu ulio mbele ya sehemu nyeusi. Ncha ya pembetatu hiyo ndiyo kichwa chake, nayo huelekea kwenye mboni. Madaktari hukiita terijiamu.

Wengi wanaofika kliniki husema wana mtoto wa jicho. Hapana. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, na lenzi iko ndani, nyuma ya mboni. Kinyama kiko nje kabisa, ukisimama mbele ya kioo unakiona mwenyewe. Mgonjwa anahitaji kuijua tofauti hii kwa sababu operesheni ya kimoja haitibu kingine, na wako wazee wenye vyote viwili katika jicho lile lile. Kinyama kikiwa kikubwa, daktari makini huanza nacho, husubiri miezi michache konea itulie, ndipo apime lenzi ya kuweka. Akipima mapema, kinyama kinakuwa bado kinaivuta konea, na mgonjwa anawekewa lenzi isiyo saizi yake.

Jua linaingiaje katika habari hii? Mwaka 1965 M. E. Cameron alichapisha kitabu kizima kuhusu kinyama hiki duniani kote, akaonyesha kwamba kinasumbua zaidi watu walio katika mkanda wa nyuzi 37 kaskazini na nyuzi 37 kusini mwa ikweta. Afrika Mashariki imelala katikati ya mkanda huo. Lakini hilo halikueleza kwa nini kinyama kipende upande wa pua, wakati jua linalipiga jicho zima. Jibu lililokubalika zaidi lilitoka Sydney, Australia, kwa daktari Minas Coroneo, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanga unaoingia kutoka ubavuni, upande wa sikio, hupita kwenye konea ukapindwa, ukakusanywa mahali padogo upande wa pili, pale pale konea inapokutana na weupe karibu na pua. Kwa hesabu zake, mwanga unaofika hapo unaweza kuwa mkali mara 20 hivi kuliko ule ulioingia. Mwanga wa kutoka upande wa pua hauwezi kufanya hivyo kwa kona ya nje, maana pua yenyewe imeuzuia.

Na mahali hapo pa makutano ndipo zilipo seli zinazozaa ngozi mpya ya konea na kuzuia utando wa weupe usivuke. Miale ya urujuanimno ikizichoma miaka nenda miaka rudi, ulinzi unalegea na utando unavuka. Upepo na vumbi husaidia kulichokoza jicho, na zipo familia ambazo baba, watoto na wajukuu wote wanacho, lakini mshtakiwa wa kwanza ni mwanga wa ubavuni. Ndiyo maana miwani bapa ya jua, hata ikiwa nyeusi tii, hukinga nusu tu ya shari. Inayofaa ni ile inayozunguka hadi karibu na sikio, yenye kuzuia miale ya urujuanimno, pamoja na kofia ya ukingo mpana. Ukili tunao na wasusi tunao. Pwani yetu haina sababu ya kukosa kofia.

Sasa tuje kwenye kisu. Neno la kwanza ni kwamba vinyama vingi havihitaji kukatwa. Kikiwa kidogo, kimetulia, hakijafika mbali juu ya konea, jicho linatunzwa kwa matone ya kulainisha, miwani na kofia, na kinyama kinapimwa kila baada ya miezi kadhaa kuona kama kinasogea. Kinachopeleka mtu chumba cha upasuaji ni kichwa kinachokaribia mboni, au konea kuvutwa hadi ikapinda na kuona kukaharibika hata kabla ya mboni kufikiwa, au jicho kuzuiwa lisigeuke vizuri upande wa nje, au kuwashwa na kuwa jekundu mara kwa mara bila kusikia dawa. Wapo pia wanaotaka kitolewe kwa ajili ya sura tu. Sioni aibu katika hilo. Mtu anayeulizwa kila siku kama amelewa ana haki ya kuchoka. Ila huyo ndiye anayepaswa kuambiwa wazi zaidi hatari ya operesheni, kwa sababu akiumia, ameumia kwa kitu ambacho hakikuwa kinamtesa.

Tone la kukiyeyusha halipo. Matone mengi yanayotolewa kwenye maduka ya dawa bila cheti cha daktari yana steroidi ndani yake. Wekundu unaisha kwa siku chache, mgonjwa anafurahi, ananunua tena na tena. Baada ya miezi, steroidi hiyo inaweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea, au kuleta mtoto wa jicho kabla ya umri wake, na kinyama bado kiko pale pale. Maziwa ya mama, asali na maji ya majani hayakipunguzi hata kidogo. Yakiwa na vijidudu, yanaweza kuleta kidonda cha konea, na kidonda cha konea hupofusha.

Kukikata ni jambo la kale mno. Maandiko ya tiba ya India yanayobeba jina la Sushruta yanaeleza jinsi ya kulichokoza jicho kwa unga wa chumvi ili kinyama kilegee, kukinyanyua kwa ndoana, kukishika kwa sindano na uzi, kisha kukikata kwa wembe. Celsus, Mrumi aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alifundisha njia iliyokaribiana na hiyo, na alionya kwamba mkata asifike kwenye ile nundu ndogo ya kona ya jicho, asije akamwachia mgonjwa machozi yasiyokauka. Onyo hilo bado linafundishwa leo. Waganga wa macho wa Baghdad, Ali ibn Isa akiwa maarufu kuliko wote, nao walikuwa na zana zao za kukitoa miaka elfu moja iliyopita.

Wote hao walijua kukata. Na wote walikutana na tatizo moja: kinyama kinarudi. Utabibu wa kisasa haukuwashinda katika hilo kwa muda mrefu. Katikati ya karne ya 20, njia iliyosifiwa ilikuwa kukikata na kuuacha weupe wa jicho wazi, ujifunike wenyewe. Ni njia rahisi na ya haraka, mgonjwa anaondoka na jicho safi. Miezi michache baadaye kinyama kimerejea, na mara nyingi kimerejea kwa hasira: kinene kuliko cha kwanza, chekundu zaidi, kimeshikamana na makovu chini yake, pengine kimeukamata hata msuli unaoligeuza jicho. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa wa njia hiyo zinatofautiana, lakini nyingi zinataja kurudi kwa wagonjwa kati ya 4 na 8 kwa kila 10. Hakuna upasuaji mwingine wa jicho ambao mtu angeukubali kwa matokeo ya namna hiyo.

Kwa nini kirudi? Kwa sababu weupe ulioachwa mtupu ni jeraha, na mwili haukai na jeraha wazi. Seli za kutengeneza kovu zinaamka, mishipa mipya ya damu inaota, utando wa pembeni unavutwa kuziba pengo, na kwa kuwa ule ulinzi wa mpakani umeshavunjika, hakuna kinachouzuia kuendelea mbele hadi juu ya konea. Vijana hurudiwa zaidi kuliko wazee, maana mwili wao unaponya kwa nguvu, na hapa nguvu hiyo ni balaa. Donald Tan na wenzake wa Singapore walionyesha mwaka 1997 kwamba unene wa kinyama nao unatabiri: kile chembamba, ambacho mishipa ya weupe inaonekana chini yake, kina hatari ndogo, kile kinene chenye nyama iliyofunika kila kitu ndicho kinachorudi.

Mbinu za kuzuia kurudi zilikuja kwa zamu, na baadhi zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Kwanza ilikuja mionzi, kifaa chenye strontiamu-90 kikigusishwa kwenye weupe uliokatwa. Vinyama vilipungua kurudi, lakini wako wagonjwa ambao miaka mingi baadaye weupe wa jicho ulianza kuoza na kuwa mwembamba mahali pale pale. Kisha ikaja mitomisini, dawa ya saratani, ambayo Wajapani walianza kuitumia kwa kinyama mwaka 1963. Wagonjwa walipewa matone wakajitilie nyumbani, na mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha visa vya wagonjwa 10 walioumizwa vibaya nayo: presha ya jicho, konea kuvimba, hata jicho kutoboka. Leo mitomisini bado ipo, lakini huwekwa na daktari mwenyewe wakati wa operesheni, kwa kiasi kidogo, kwa dakika chache, kisha huoshwa kwa maji mengi. Mimi ningependa kuiona ikibaki kwa vinyama vilivyokwisha kurudi, mikononi mwa mtu anayejua anachokifanya. Kuitumia ili tu kufupisha muda wa operesheni ya kwanza ni kumkopesha mgonjwa deni atakalolilipa akiwa mzee.

Ufumbuzi ulipatikana ndani ya jicho lenyewe. Mwaka 1985 Kenneth Kenyon na wenzake wa Boston walieleza matokeo ya kuchukua kipande cha utando mzuri kutoka sehemu nyingine ya jicho na kukishona kama kiraka pale kinyama kilipotolewa. Katika macho 57, mengi yakiwa na vinyama vikubwa au vilivyokwisha kurudi, kinyama kilirudi katika macho 3. Kutoka nusu ya wagonjwa hadi mmoja katika ishirini, bila mionzi wala sumu, kwa utando wa mgonjwa mwenyewe!

Inafaa msomaji ajue kinachotendeka juu ya meza, kwa sababu hofu ya wengi inatokana na kutojua. Mgonjwa hulala chali akiwa macho. Jicho hutiwa matone ya ganzi, husafishwa kwa dawa ya iodini, na kope huzuiliwa kwa kifaa cha waya zisifumbe. Kisha sindano nyembamba hupitisha dawa ya ganzi chini ya kinyama chenyewe. Mgonjwa huhisi kubanwa, basi. Na dawa hiyo inafanya kazi ya pili, inakiinua kinyama kutoka kwenye weupe ili kisu kipate njia. Daktari akitazama kwa hadubini anaushika mwili wa kinyama kwa kibano, anaukata kwa mkasi, kisha anakibandua kichwa kutoka kwenye konea, akikwangua taratibu hadi konea iwe laini. Hapa ndipo fundi anajulikana. Chini ya utando mwekundu kuna tishu nyeupe yenye nyuzinyuzi ambayo ndiyo kiwanda cha makovu, na lazima ivutwe nje na kukatwa kwa upana wa kutosha, huku jicho la daktari likiwa kwenye msuli unaolivuta jicho upande wa pua, ambao umepita papo hapo. Damu hukaushwa kwa kuchomwa kidogo sana. Ukichoma ovyo, unauchoma weupe.

Baada ya hapo mgonjwa huambiwa atazame chini, na sehemu ya juu ya jicho, ambayo kope huifunika maisha yote na jua halijawahi kuifikia, inajitokeza. Daktari amepima pengo kwa bikari ndogo, labda milimita 6 kwa 7. Anachora mraba kwa wino wa zambarau juu ya utando wa huko juu, anauinua kwa ganzi, na kuuchambua. Kiraka kinachotakiwa ni chembamba hadi kibano kionekane kupitia ndani yake, kisicho na tundu wala tishu nyeupe iliyong'ang'ania chini. Kukiacha na tishu hiyo ni kukipa sababu ya kuvimba na kusinyaa. Kisha kinatelezeshwa juu ya konea hadi kwenye pengo, ule ukingo uliokuwa upande wa konea ukae tena upande wa konea, na sura ya juu ibaki juu. Kikigeuzwa kichwa chini miguu juu, hakishiki. Huko kilikotolewa hakushonwi. Hujifunika kwenyewe kwa muda wa wiki mbili hivi. Mgonjwa mwenye presha ya jicho anapaswa kuchukuliwa kiraka upande wa chini, kwa kuwa huenda siku moja akahitaji operesheni ya presha, na operesheni hiyo hufanyika juu. Ukiwa na presha ya jicho, sema hata kama hujaulizwa.

Kiraka kinashikiliwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo hukereketa kwa wiki kadhaa, au kwa gundi iliyotengenezwa kwa protini za damu, ambayo inapunguza maumivu na muda lakini ina bei. Kuna njia ya tatu inayofaa sana hospitali zetu: damu ya mgonjwa mwenyewe, ile inayochuruzika kidogo kwenye pengo, inaachwa igande chini ya kiraka, na jicho linafungwa vizuri kwa pedi. Haina gharama yoyote. Udhaifu wake ni kwamba kiraka kinaweza kuteleza siku za mwanzo, hasa mgonjwa akifikicha. Baadhi ya madaktari hutumia utando wa kondo la nyuma badala ya kiraka cha jicho. Unasaidia pale utando wa mgonjwa umeisha kwa operesheni za nyuma, lakini kwa kinyama cha kwanza umeonekana kushindwa na kiraka cha jicho lenyewe.

Kuna daktari wa Brisbane, Lawrence Hirst, aliyeifikisha njia hii mwisho wake: anaondoa ile tishu ya makovu kwa upana mkubwa, anaweka kiraka kikubwa, anachukua zaidi ya saa moja kwa jicho moja. Katika operesheni 1,000 alizozifuatilia, kinyama kimoja tu kilirudi. Takwimu hiyo inaniambia jambo moja, kwamba adui mkubwa wa mgonjwa wa kinyama ni haraka. Katika kambi ya macho yenye foleni ya wazee wa mtoto wa jicho, kila mmoja akihitaji dakika chache apate kuona tena, kinyama cha dakika arubaini huonekana anasa, na kishawishi cha kukata na kuacha wazi ni kikubwa. Nawaelewa wanaokubali kishawishi hicho. Lakini kama muda wa kiraka haupo, heri mgonjwa apewe miadi ya siku nyingine kuliko kupewa nusu ya operesheni, kwa sababu kinyama kilichorudi ni kigumu kukitoa mara mbili ya kile cha kwanza.

Limebaki jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa ufupi, na kwetu haliwezi kuwa fupi. Si kila kinachoota pale ni kinyama. Ipo saratani ya utando wa jicho inayoanzia kwenye makutano yale yale, kwa jua lile lile, na inaweza kufanana na kinyama hadi ikamdanganya daktari mzoefu. Afrika Mashariki inaiona mara nyingi, kwa watu wa miaka thelathini na arubaini, na VVU vinaongeza hatari yake sana. Kitu kilichokua kwa kasi ndani ya miezi, chenye magamba meupe juu, chenye madoa ya kahawia au mishipa minene inayokilisha, kisichukuliwe kuwa kinyama mpaka maabara iseme. Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifanya jaribio katika kliniki za Kenya, likachapishwa mwaka 2016: baada ya kukata uvimbe wa aina hii, nusu ya wagonjwa walipewa matone ya fluorourasili kwa wiki nne. Mwaka ulipokwisha, uvimbe ulikuwa umerudi kwa asilimia 11 ya waliopewa matone, na asilimia 36 ya wasiopewa. Lakini matone hayo hayamfikii mtu ambaye kipande chake kilitupwa kwenye ndoo ya takataka.

Siku mbili tatu baada ya operesheni jicho linauma, linatoa machozi na halitaki mwanga, hadi konea iliyokwanguliwa iote ngozi yake. Wekundu unakaa wiki kadhaa. Kiraka chenyewe kinaweza kuvimba kikatisha, kisha kikanywea. Matone ya steroidi hapa yanahitajika kwelikweli, kwa mwezi mmoja au miwili, yakipunguzwa taratibu kwa ratiba ya daktari, na presha ya jicho ikipimwa njiani. Kuyaacha wiki ya pili kwa sababu jicho limepoa ni njia ya kawaida kabisa ya kukiita kinyama kirudi. Shamba, bahari na pikipiki vinasubiri, na miwani inavaliwa tangu siku pedi inapotolewa.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya operesheni, muulize daktari ataliziba pengo kwa kitu gani, na kama kipande atakachokitoa kitapelekwa maabara. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Akikujibu kwamba ataliacha wazi, na kinyama chako si cha dharura, omba rufaa uende kwenye hospitali inayopandikiza utando. Na ukishafanyiwa, rudi kliniki mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 hata kama jicho haliumi, kwa maana vinyama vinavyorudi, karibu vyote hurudi ndani ya mwaka wa kwanza.